Kibao kinasema saa 24, daktari yuko nyumbani

Kliniki za wanyama zimeongezeka Dar es Salaam, na si chache zenye kibao mlangoni kinachosema "Huduma saa 24". Mfugaji wa mbwa au paka hukisoma mchana, akahifadhi namba, akalala akijua kwamba siku ikifika ana pa kukimbilia. Kwangu mimi maneno hayo ni ahadi ya kitabibu. Kliniki isiyoweza kuitimiza inamdhuru mnyama, hata kama daktari wake ni hodari na ana moyo wa kazi.

Jirani yangu mmoja alikuwa na mbwa wa aina ya German Shepherd, dume la makamo, mlinzi wa nyumba na rafiki wa watoto. Jumamosi moja usiku, muda mfupi baada ya kula, mbwa alianza kuzunguka uani asitulie. Anainama kama anayetaka kutapika, hakitoki kitu ila mate na povu. Tumbo likajaa, likakaza kama ngoma. Mama yule akapiga namba ya kibaoni, kijana akamjibu: "Mlete tu mama, tupo." Bajaji ya kwanza ikakataa kubeba mbwa, na ya pili pia; iliyokubali ilitaka nauli mara mbili. Walipofika wakaambiwa walipie kwanza faili na ada ya usiku, shilingi 80,000. Aliyewapokea ni mhudumu wa zamu. Daktari alikuwa nyumbani, akatoa maelekezo kwa simu: sindano ya maumivu, dripu, asubuhi wapige eksirei. Mbwa alikufa kabla ya alfajiri, mwenyewe amempakata kichwa.

Daktari alipofika asubuhi alisema, kwa upole kabisa, kwamba tatizo lile haliponi bila upasuaji, na wao hawafanyi upasuaji usiku.

Hapo ndipo mama yule alipoishiwa nguvu. Kifo alikuwa ameshaanza kukikubali. Ila habari hiyo ingeweza kutolewa kwenye simu ya kwanza, wakati bado ana muda wa kutafuta pengine.

Kwa maelezo ya mama yule, dalili zile zote zinaelekea kwenye hali ya tumbo la chakula kujaa gesi na kujipinda. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na German Shepherd yumo. Tumbo likijipinda linafunga njia ya kuingia na kutoka, ndiyo maana mbwa anajaribu kutapika bila mafanikio. Mishipa inabanwa, damu hairudi vizuri kwenye moyo, na ndani ya saa chache mwili unazidiwa. Tiba yake inajulikana: gesi itolewe haraka kwa mpira unaopitishwa mdomoni au kwa sindano nene ubavuni, dripu iende kwa kasi, kisha mbwa apigwe nusu kaputi na tumbo lirudishwe mahali pake kwa upasuaji. Hata wanaofanyiwa yote hayo hawaponi wote. Asiyefanyiwa hana matumaini, na kusema "asubuhi tutaona" ni sawa na kumwacha afe.

Sasa tumsikilize daktari, maana naye ana hoja nzito. Upasuaji wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Anatakiwa wa kukata na wa kulinda usingizi wa mgonjwa, na dawa za usingizi, oksijeni na vifaa safi viwe tayari. Kuweka timu kama hiyo macho kila usiku, ikimsubiri mgonjwa ambaye pengine atakuja mara moja kwa wiki, ni gharama ambayo kliniki ndogo ya mtaani haiwezi kuibeba. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na utaalamu wa mifugo kwa miaka mingi umeelekezwa huko, kwenye chanjo, majosho na ukaguzi wa nyama. Ni sahihi, kwa sababu huko ndiko riziki ya watu iliko. Anayesoma miaka mitano Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro akaamua kufungua kliniki ya mbwa na paka mjini anajitafutia njia kwa mtaji wake mwenyewe.

Hata kudai pesa mbele, jambo linalowaudhi wengi, kuna sababu. Wapo wanaoleta mnyama, wakaona hali mbaya, wakamwacha na kuzima simu. Bima kwa mbwa wa kawaida haipo mezani. Isitoshe, ndugu wa nyumbani wenyewe huuliza, "Laki zote hizo kwa mbwa?" Wengine tunachelewa wenyewe: mbwa amekula sumu ya panya, tunamnywesha maziwa na mafuta ya kupikia hadi jua linazama; paka ana homa, mtu anampa paracetamol, dawa inayoua paka hata kwa kiasi kidogo. Anapofika kliniki daktari anakabidhiwa mgonjwa aliyekwisha, na akifia mikononi mwake lawama ni yake. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema madaktari wa wanyama ni wezi, sikubaliani naye.

Lakini hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayojibu swali la jirani yangu: kwa nini hakuambiwa kwenye simu ya kwanza? Gharama ya timu ya usiku inaeleza kwa nini hakuna upasuaji. Haielezi kwa nini kijana wa simu hakumwuliza ni mbwa wa aina gani, tumbo likoje, ametapika au la. Maswali matatu hayana gharama. Kama mhudumu angefundishwa kwamba mbwa mkubwa mwenye tumbo lililokaza na anayetapika hewa si wa kusubiri, angemwambia pale pale kuwa huku hatuwezi, na angempa namba ya mwenzao anayeweza.

Na daktari naye hakwepi lawama. Yeyote aliyefundishwa kutibu ng'ombe anajua kumtoboa aliyejaa gesi ili apate nafasi ya kupumua. Kwa mbwa kazi hiyo ina hatari zake na haimalizi tatizo, ila ingeweza kununua muda, na ilihitaji daktari aondoke kitandani. Ada ya usiku inalipwa kwa ajili ya nini, kama si hilo?

Uingereza, kanuni za maadili za baraza linalosimamia taaluma hiyo zinamtaka kila daktari wa wanyama anayetibu achukue hatua ili huduma ya kwanza ya dharura na nafuu ya maumivu zipatikane saa 24. Hazimlazimishi akeshe mwenyewe. Anaruhusiwa kukubaliana na kliniki nyingine, mradi mteja ajue aende wapi. Huko pia watu wanalalamika, hasa bei, kiasi kwamba mamlaka ya ushindani wa biashara ilianzisha uchunguzi rasmi wa soko hilo mwaka 2024. Ninachokiona cha kuiga ni ile sehemu ya makubaliano. Kliniki tano za wilaya moja zinaweza kupokezana zamu, kila usiku moja ikawa na daktari na chumba cha upasuaji tayari, nyingine zikawa zinaelekeza wagonjwa huko.

Tunalo Baraza la Veterinari, lililo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na mwenendo wa kitaaluma wa madaktari ni kazi yake. Ningependa litamke wazi ni kliniki ipi inaruhusiwa kujitangaza kuwa ya dharura: daktari anafika ndani ya muda gani, vifaa gani lazima viwepo.

Kwa sasa, mwenye mbwa mkubwa apige simu leo mchana, kabla hajaugua. Aulize daktari analala wapi, kama wanaweza kufanya upasuaji saa nane za usiku, na kama hawawezi wanampeleka mgonjwa kwa nani. Akijibiwa "hatuwezi, nenda kwa fulani", aiandike namba hiyo ya fulani ukutani. Na usafiri aupange mapema na dereva anayemjua, wa gari au bajaji, aliyekwisha kubali kubeba mbwa.