Oili nzito au oili ya kitabu? Tunagombania namba, herufi hatuzisomi

Peleka Toyota IST kwenye gereji yoyote ya hapa Mwanza, kati ya Mabatini na Nyakato, uliza ununue oili gani, na mara nyingi utajibiwa 20W-50, au ile wanayoiita "namba 40". Sababu nayo haibadiliki: "Bosi, nchi yetu ya joto, oili nyepesi inakuwa maji." Upande wa pili wamo wanaoagiza magari Japani wenyewe na kusoma kila kitu mtandaoni. Hao watakuapia kwamba kitabu kimesema 5W-30, na fundi anayeweka kitu kingine anaua injini. Ubishi huu umezoeleka hapa Mwanza kama ubishi wa Simba na Yanga. Pande zote zina hoja, ila naona zote zinagombania kitu kilicho kidogo kuliko wanavyodhani.

Tuanze na joto. Mwanza mchana inacheza kwenye nyuzi 28 hadi 30, usiku inashuka hadi 17 au 18. Oili iliyomo ndani ya injini inaishi dunia nyingine kabisa. Injini ikishashika moto, thamostati na rejeta huishikilia kwenye joto lake, na oili hufanya kazi karibu na nyuzi 100. Ndiyo maana ile namba ya pili, ya 30, 40 au 50, inayoonyesha uzito wa oili, hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100. IST iliyoko Sapporo wakati wa theluji na iliyoko Kisesa saa nane mchana, zikishatembea nusu saa, oili zake zina joto linalokaribiana. Namba ya kwanza, yenye W, ndiyo inayohusu baridi: 5W hujaribiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna alfajiri ya Mwanza itakayofika huko. Kwa hiyo joto la nchi linaturuhusu tusihangaike sana na namba ya kwanza, lakini halitupi sababu ya kupandisha ya pili. Hapo fundi anachanganya mambo mawili.

Ila wa kitabu naye asishangilie mapema. Kitabu gani? Kile kilichokuja ndani ya gari kimeandikwa Kijapani, kwa ajili ya soko la Japani, ambako watengenezaji wanabanwa wapunguze ulaji wa mafuta, na oili nyepesi husaidia hilo. Vitabu vya Toyota vilivyoandikwa kwa masoko ya nchi za joto mara nyingi vina jedwali la joto la nje na oili zinazokubalika, na kwa injini nyingi za umri ule jedwali hufika hadi 15W-40 na 20W-50. Yaani kiwanda chenyewe kina majibu zaidi ya moja. Anayesema 20W-50 kwenye injini ya mwaka 2003 ni uhalifu anajua kitabu kimoja tu.

Sasa fundi yuko sahihi wapi? Yuko sahihi kwenye injini iliyochoka. Kwa mujibu wa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoweka namba hizi, oili ya namba 30 kwenye nyuzi 100 haizidi mnato (yaani uzito) wa sentistoki 12.5, wakati ya namba 50 huanzia 16.3. Tofauti hiyo si ndogo. Injini iliyotembea hadi ringi zimelegea na beringi zimeachia nafasi itakula oili nyepesi kama haina akili nzuri, na taa ya oili itaanza kupepesa injini ikiunguruma gari likiwa limesimama. Ukiweka nzito, presha inapanda, moshi wa bluu unapungua, na mwenye gari anapata miezi kadhaa ya kutafuta hela ya ovahoo. Hiace iliyosheheni abiria, inayokwea vilima vya mawe kwa gia namba moja mara kumi kwa siku, ina haki ya oili nzito kuliko gari la mwalimu linalotoka Nyegezi kwenda kazini na kurudi. Ninachokataa ni kumpa mzima dawa ya mgonjwa. Injini isiyopunguza oili kati ya mwagiko mmoja (kumwaga ya zamani na kuweka mpya) na mwingine haina sababu ya kuvishwa namba 50. Tena inalipia: asubuhi oili nzito huchelewa kufika juu kwenye kemshafti, na ni sekunde hizo za kwanza ambazo chuma husagana na chuma. Mfumo wa Toyota wa kubadili majira ya valvu, VVT-i, nao hutumia presha ya oili hiyo hiyo kuyasogeza, kupitia vijitundu vyembamba.

Kuna magari ambayo kwake mjadala huu haupo kabisa. Aqua na haibridi nyingine zinazotaka 0W-20 huzima na kuwaka injini njiani kila mara, na mara nyingi injini huwaka ikiwa bado haijashika moto vizuri. Huko namba 50 haina utetezi.

Basi tuje kwenye kile ambacho karibu hakuna anayekisoma. Nyuma ya galoni, chini ya zile namba kubwa, huwa pameandikwa API, yaani taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya oili, na herufi mbili: SF, SG, SJ, SL, SM, SN, SP. S ni kwa injini za petroli, na herufi inayofuata inapanda kadiri viwango vinavyopanda. SL ilikuja mwaka 2001, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020. API wenyewe wanatahadharisha kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Sasa kumbuka IST ya kwanza kabisa ilitoka kiwandani mwaka 2002. Ukiweka SF humo, umeweka oili iliyoundwa kwa ajili ya injini za enzi za Mzee Ruksa.

Galoni mbili za 20W-50 zinaweza kukaa rafu moja, moja SF na nyingine SN, bei zikipishana kidogo, na mteja akachukua ya bei nafuu kwa imani kwamba "ni ileile 20W-50". Si ileile. Kinachotofautiana ni viungo vinavyozuia oili kuoza kwa joto, vinavyosafisha masizi na vinavyozuia ule utope mweusi unaoziba njia za oili. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta ndani kumeganda kitu kama lami, chanzo si lazima kiwe wepesi au uzito. Mara nyingi ni herufi za zamani, au kuchelewa kumwaga, au vyote viwili. Ningepewa kuchagua kati ya 5W-30 yenye SF na 15W-40 yenye SL, ningechukua ya pili bila kufikiri. Tena kuna 15W-40 za dizeli zenye maandishi CI-4/SL (CI-4 ni kiwango cha dizeli, SL cha petroli), ambazo dukani si adimu na hazina bei ya kutisha.

Kuhusu kilomita za kumwaga, fundi anasema 3,000, kitabu cha Japani kinaweza kusema 15,000 kwa gari la petroli lisilo na tabo. Lakini kitabu hichohicho kikitaja mazingira magumu hukata namba hiyo hadi nusu, na sisi ndio hao: vumbi, vilima, safari fupifupi, foleni. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, mita ya kilomita haisogei ila oili inachakaa. Waliokuwa wakipanga foleni ya kivuko cha Kigongo huku kiyoyozi kikifanya kazi wanajua hilo, ingawa daraja lilifunguliwa Juni 2025 na sasa mtu anakwenda Sengerema bila kusimama. Kwa oili ya kawaida yenye herufi nzuri, 5,000 inatosha. 3,000 ni tahadhari ya mtu asiyeiamini oili yake, na wakati mwingine ana haki ya kutoiamini.

Filta ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye sevisi na ndicho kinachopunjwa. Desturi ya gereji nyingi ni kumwaga oili mara mbili kwa filta moja. Utetezi upo: hata Japani kubadili filta kila mwagiko wa pili ni jambo la kawaida, na filta nzuri haizibi kwa kilomita 3,000. Dhidi yake kuna hesabu rahisi. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi huchukua lita 3.4 bila kugusa filta, na 3.7 ukiibadili. Hiyo lita 0.3 ni oili chafu inayobaki ndani kuchanganyika na mpya. Ikiwa filta ni orijino na unamwaga mapema, utetezi unasimama. Ikiwa filta ni ya kubahatisha, hausimami.

Namna ya kujua ni kuikata. Mwombe fundi filta iliyotoka, aikate kwenye ukingo kwa msumeno wa chuma, asitumie grainda maana itaijaza chembe zake yenyewe. Vuta karatasi iliyokunjwa ndani uitandaze. Kwenye filta ya maana mikunjo ni mingi, imelingana, na ncha zake zimegandishwa vizuri juu na chini. Kwenye ile mbovu utakuta mikunjo michache iliyolala upande mmoja, gundi imekatika, na mahali ambapo karatasi imeachana na kifuniko oili ilikuwa inapita bila kuchujwa hata kidogo. Tazama pia mpira mpana ulio chini ya matundu. Huo huzuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Ukiwa umekakamaa kama plastiki, ndiyo sababu gari linagonga kidogo kila asubuhi unapoliwasha. Halafu kamua karatasi ile juani. Chembe zinazong'aa ukizipitishia sumaku zikashika, ni chuma. Zisiposhika na zina rangi ya shaba, beringi zinaanza kuaga, na hapo hakuna oili itakayokuokoa.

Kosa jingine ni lile la "inaingia". Filta kuingia kwenye nyuzi zake haitoshi, kwa sababu ndani yake kuna valvu ya dharura inayofunguka karatasi ikiziba, na presha ya kuifungua inatofautiana kati ya injini na injini. Filta za Toyota za kufungia, zile za kopo zinazokazwa kwa kuzungushwa, huwa na namba zinazoanza na 90915. Chukua namba kamili kwa injini yako uende nayo dukani. Magari mapya zaidi yana filta ya karatasi tupu, namba zake huanza na 04152, na ndani ya boksi lake huja pete ya mpira. Simama uone ile ya zamani inatolewa. Kwa filta ya kufungia vilevile, mpira wa zamani ukiganda kwenye injini na mpya ukafungwa juu yake, gari litatoka gereji vizuri na kumwaga oili yote kabla halijafika Buhongwa.

Kuna hofu ya feki, na si hofu ya bure. Galoni tupu huokotwa, huoshwa, hujazwa tena. Tume ya Ushindani na TBS wanafanya misako, lakini hawawezi kusimama kila duka. Unachoweza wewe ni kutoboa galoni yako ikishaisha, kununua duka lile lile lenye risiti, na kuukagua mfuniko kama pete yake haijakatika. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa si lazima iwe mbaya. Kampuni halali zinauza mapipa. Shida ni kwamba ukipimiwa kwenye chupa ya maji, zile herufi zimebaki kwenye pipa na wewe umeondoka na rangi tu. Na oili chafu iliyotoka, wapo wanaoinunua kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Afadhali iende huko kuliko mtaroni, maana mitaro inashuka Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bombani tunayachota humo humo.

Bodaboda wao wana sheria yao: kilachi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, hivyo watafute maandishi JASO MA au MA2, kiwango cha Japani cha oili za pikipiki. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano itafanya kilachi iteleze.

Kwa hiyo kwa IST nzima ningeanza na herufi, SL kwenda juu, kisha filta ya namba sahihi kila ninapomwaga, kisha duka, na mwisho kabisa namba: 5W-30 au 10W-30 ikipatikana, 15W-40 isipopatikana, bila kukosa usingizi. Wa kukosa usingizi ni anayeagiza dizeli mpya yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kama Mazda CX-5. Hiyo inataka oili yenye majivu machache, ile yenye kiwango cha Ulaya cha ACEA, herufi C, na ukiweka 15W-40 yoyote ya pembeni utaziba kichujio ambacho bei yake haina mfano na ya oili. Kabla ya kulipia meli, azunguke kwanza maduka ya mjini aulize nani anayo na anauza bei gani.