Kwa Nini Uvumi wa Chanjo na Usonji Haufi

Chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela hutolewa katika nchi nyingi mtoto anapofikisha miezi 12 hadi 15. Katika umri huohuo, na miezi michache inayofuata, ndipo wazazi wengi huanza kuziona dalili za usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano ya mtoto. Mtoto haitiki akiitwa jina lake. Haonyeshi kitu kwa kidole. Maneno mawili matatu aliyokuwa nayo yanapotea. Mama anayesema "mwanangu alichanjwa, kisha akabadilika" hadanganyi. Anasimulia alichokiona, kwa mfuatano uleule alioukumbuka. Alichoongeza ni kiungo tu kati ya tukio la kwanza na la pili, na hicho si kitu cha kuonekana kwa macho.

Naanza na mama huyo kwa sababu mjadala kuhusu kudumu kwa uvumi huu, kwamba chanjo husababisha usonji, humsahau mapema mno. Wapo wanaosema uvumi unaishi kwa sababu kuna watu wanaoulisha: madaktari walaghai, wanasiasa, wafanyabiashara wa tiba za uongo, na mitandao inayolipwa kwa kila jicho inalolinasa. Wengine wanasema unaishi kwa sababu taasisi za afya zenyewe zimewapa watu sababu za kutoziamini, na hazijajifunza kuzungumza na mzazi mwenye hofu. Kila upande una hoja nzito, na nitazipima zote mbili.

Jambo ambalo halina pande mbili ni uhusiano wenyewe. Nchini Denmark watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 537,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Mwaka 2019 wakarudia kwa watoto 657,461. Waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Marekani, utafiti wa 2015 uliangalia watoto wapatao 95,000 wenye kaka au dada wakubwa, wakiwamo wale ambao wakubwa wao wana usonji na kwa hiyo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao. Hata kwao chanjo haikuongeza chochote. Japani iliacha kutumia chanjo hiyo ya pamoja mwaka 1993, lakini idadi ya watoto waliotambuliwa kuwa na usonji katika mji wa Yokohama iliendelea kupanda.

Sasa turudi kwa wanaoulisha uvumi. Februari 1998 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake 12 wa hospitali ya Royal Free, London, iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo hiyo ya pamoja na usonji. Ilihusu watoto 12. Ni kumi na wawili tu. Mwandishi wa habari Brian Deer alikuja kugundua kwamba Wakefield alikuwa amelipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Malipo yote yalizidi pauni 400,000. Mwaka 2004 waandishi 10 kati ya 13 waliikana tafsiri ya makala yao. Lancet iliifuta kabisa Februari 2010, na miezi mitatu baadaye Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Januari 2011 jarida jingine la kitabibu, BMJ, liliandika waziwazi kwamba kazi ile ilikuwa udanganyifu.

Hesabu miaka iliyopita hapo. Kati ya kuchapishwa na kufutwa ni miaka 12, umri wa mtoto kuzaliwa hadi kumaliza shule ya msingi. Muda wote huo mtu yeyote angeweza kuinua jarida lenye heshima kuliko karibu yote duniani na kusema, "Imeandikwa humu." Kwangu mimi hilo ni kosa la taasisi kama lilivyo la Wakefield, na ndipo hoja ya kwanza inapoanza kuingiliana na ya pili.

Walishaji wa uvumi hawakuishia kwake. Mwaka 2005 Robert F. Kennedy Jr. aliandika makala akiituhumu thimerosali, kihifadhi chenye zebaki kilichokuwa ndani ya baadhi ya chanjo. Tovuti ya Salon iliyoichapisha iliifuta mwaka 2011. Mwaka 2025 mwandishi huyohuyo akawa waziri wa afya wa Marekani, na Novemba mwaka huo ukurasa wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, uliokuwa ukisema chanjo hazisababishi usonji, ukabadilishwa ili kudai kwamba kauli hiyo haina msingi wa ushahidi. Uvumi uliokuwa ukipiga hodi nje ya serikali sasa ulikuwa ukiandikwa na serikali. Anayesema tatizo ni wapotoshaji ana vielelezo vya kutosha.

Lakini hoja hiyo inaeleza mbegu ilikotoka, haielezi rutuba ya udongo. Angalia namna madai yenyewe yanavyobadilika. Kwanza ilikuwa virusi vya surua ndani ya chanjo ya pamoja. Kisha thimerosali, ambayo haijawahi kuwamo katika chanjo hiyo. Thimerosali ikaondolewa katika karibu chanjo zote za watoto wadogo Marekani kufikia 2001, usonji ukaendelea kuongezeka, na kidole kikahamia kwenye chumvi za alumini, zinazowekwa katika baadhi ya chanjo ili kuziongezea nguvu, halafu kwenye wingi wa chanjo. Mshtakiwa ni yuleyule kila mara, ila shtaka linaandikwa upya. Dai moja likivunjwa na imani ikabaki imesimama, basi imani hiyo haikuwa imeegemea dai hilo.

Imeegemea nini? Hapa naona upande wa pili una uzito kuliko unavyopewa na wataalamu wengi. Daktari wa akili Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943, sayansi haikuwa na maelezo ya chanzo chake. Kwa zaidi ya miongo miwili iliyofuata, wataalamu, Bruno Bettelheim akiwa maarufu miongoni mwao, waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wao wa moyo ndio uliomharibu mtoto. Mama aliyekuwa akikesha na mwanawe aliambiwa na mtu mwenye mamlaka kwamba hakumpenda vya kutosha. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu kilichosaidia kuubomoa uzushi huo. Wataalamu walikuwa wamekosea na mzazi alikuwa sahihi. Na Rimland huyohuyo, kwa bahati mbaya, baadaye akawa miongoni mwa waliozishuku chanjo. Mtu aliyewahi kudanganywa na wenye vyeo hana sababu ya kudhani wamemaliza kumdanganya.

Tena historia ya chanjo si safi. Mwaka 1955 chanjo ya polio kutoka maabara ya Cutter, Marekani, ilitoka ikiwa na virusi hai. Watoto na watu waliokuwa karibu nao walipooza, na watu kumi wakafa. Mwaka 1999 chanjo ya virusi vya rota iliyoitwa RotaShield iliondolewa sokoni kwa sababu ilisababisha utumbo wa baadhi ya watoto kujikunja na kuziba. Wapinzani wa chanjo huyataja haya, na wana haki ya kuyataja. Anayeyaficha anawasaidia.

Ila kisa cha RotaShield kinastahili kusomwa hadi mwisho. Madhara yale yalikadiriwa kumpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000, na mfumo wa ufuatiliaji uliyabaini ndani ya mwaka mmoja hivi tangu chanjo ianze kutumika. Usonji, kwa takwimu za CDC za watoto wa miaka minane Marekani mwaka 2022, ni mmoja kati ya 31. Mfumo ulionasa dosari ya mmoja kwa elfu kumi ungewezaje kupitwa na jambo kubwa kiasi hicho, katika nchi mbalimbali zenye serikali na mifumo tofauti ya afya? Sijaona hoja hii ikielezwa kwa wazazi mara nyingi inavyostahili.

Takwimu hiyohiyo ya mmoja kati ya 31 hufanya madhara inapoachwa peke yake. Mwaka 2000 ilikuwa mmoja kati ya 150. Anayesikia namba hizo mbili bila maelezo ataogopa, na mimi simlaumu. Anatakiwa aambiwe pia kwamba vigezo vya utambuzi vilipanuliwa mwaka 1987 na 1994, kwamba shule na kliniki zilianza kuwatafuta watoto ambao zamani wangeitwa wagumu wa kuelewa au wakaidi, na kwamba tafiti za familia zinaonyesha urithi wa vinasaba una mchango mkubwa kuliko kitu kingine chochote kinachojulikana.

Lugha ya sayansi nayo inaumiza. Mtafiti akisema "hatukupata ushahidi wa uhusiano", kwake hiyo ni kauli nzito baada ya kuwachunguza watoto laki sita. Sikioni mwa mzazi inasikika kama "hatujatafuta vizuri". Na hata ikieleweka, inajibu swali ambalo mzazi hakuliuliza. Takwimu zinazungumzia watoto wote kwa pamoja. Yeye aliuliza kwa nini huyu wake. Uvumi unampa jibu, tena lenye tarehe na mkosaji, pamoja na kundi la wazazi wenzake wa kulia nao. Mwaka 2014 utafiti uliowahusisha wazazi 1,759 Marekani ulionyesha kwamba kuwapa maelezo sahihi kulipunguza imani potofu kuhusu usonji, lakini wale waliokuwa na mashaka zaidi na chanjo walionyesha nia ndogo zaidi ya kuwachanja watoto wao wa baadaye.

Kuna watu pande zote mbili huwasahau: wenye usonji wenyewe. Uvumi huu unasema, bila kutamka, kwamba ni heri mtoto augue surua, ugonjwa unaoua, kuliko awe kama wao. Wapo watu wazima wanaousikia ujumbe huo kila siku.

Yote haya yaliwahi kukutana mahali pamoja. Mwaka 2008 wazazi Wasomali wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, waliona watoto wao wengi mno wako katika madarasa ya wenye usonji. Wakauliza kwa nini. Lilikuwa swali halali, na majibu yalichelewa. Katika pengo hilo wakaingia wapinga chanjo. Wakefield mwenyewe alikwenda kuzungumza nao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulipotoka mwishoni mwa 2013, ulikuta kiwango kwa watoto wa Kisomali, mmoja kati ya 32, kikikaribiana na kile cha watoto wazungu, mmoja kati ya 36. Lakini ulikuta pia kwamba watoto wa Kisomali wenye usonji walikuwa na ulemavu wa akili mara nyingi zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo wazazi hawakuwa wameota. Waliona kitu cha kweli, wakaelekezwa kwenye chanzo cha uongo.

Mwaka 2004 asilimia 92 ya watoto wa jamii hiyo walikuwa wamechanjwa dhidi ya surua. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikazuka, ikapata watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa. Maimamu na wahudumu wa afya wanaozungumza Kisomali wakapita kwenye misikiti na nyumba, na watoto wengi wakachanjwa katika miezi ile. Mwaka 2022 surua ikarudi katika jimbo hilo, na mwaka 2024 ikarudi tena.