Aliyelala Usimwamshe, Labda Awe Printa

Saa tatu usiku. Maswali ya likizo ya mtoto wa P6, kurasa 14, mwalimu anayataka kesho asubuhi. Umeme upo, Yaka, ile mita ya kulipia kabla, ina yuniti, karatasi zimo trei. Unabonyeza Print. Printa inakujibu kwa taa yake ndogo tu: inawaka polepole, inafifia, inawaka tena, kama askari wa lindo ndani ya blanketi anayefungua jicho moja kuhakikisha kwamba wewe si mwizi, kisha analifumba. Kompyuta nayo inatangaza kwamba printa iko "Offline". Offline wapi, jamani, na hii hapa mezani, kiwiko kinaigusa?

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Printa hawakuwahi kuiona, lakini tabia yake waliijua.

Tuitendee haki kidogo. Kulala ni lazima ilale. Printa ya leza ina roli ya kuyeyusha tona ishike kwenye karatasi, na joto lake hukaribia nyuzi 200. Kuiacha hivyo usiku kucha ni sawa na kuwasha sigiri bila matoke juu yake. Kwa hiyo ikikaa dakika kadhaa bila kazi, huzima roli, huzima kioo, ikabakiza kijisehemu cha akili kinachosikiliza kama kuna anayebisha hodi. Printa ya wino haina roli ya moto, ila nayo hulala, sijui imeiga nani. Ugomvi wangu hauko kwenye kulala. Uko kwenye kutoamka.

Na hapo ndipo binadamu anafanya kosa la kwanza: anabonyeza Print tena. Halafu tena. Halafu kwa nguvu, kana kwamba kipanya kina gia. Kila mbonyezo ni kazi mpya kwenye foleni. Mibonyezo 11 mara kurasa 14 ni karatasi 154, karibu theluthi ya rimu, na zitatoka zote saa sita za usiku wakati nyumba nzima imelala isipokuwa yeye printa.

Kwa hiyo foleni kwanza. Ifungue, futa kila kitu. Mara nyingi kazi moja itagoma kufutika, itaandika "Deleting" hadi kuku waamke. Hiyo dawa yake ipo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, ndiyo msimamizi wa foleni, isimamishe. Nenda kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili yaliyomo ndani. Yaliyomo ndani, nimesema, folda yenyewe iache. Rudi uiwashe ile Spooler. Ukiwa hapo hapo, fungua dirisha la foleni utazame kama "Use Printer Offline" imewekewa alama ya tiki. Kuna watu wamebadilisha kebo, wamebadilisha printa, karibu wabadilishe na nyumba, kumbe ni tiki.

Sasa iguse printa yenyewe. Kitufe cha kuwasha, mguso mfupi. Ukikikandamiza sana, printa nyingi huelewa kwamba unataka kuizima, na hapo utakuwa umemwamsha mgonjwa kwa kumzimisha. Gusa, achia, subiri nusu dakika roli ipate moto. Ikiamka kwa kidole lakini haiamki kwa kompyuta, acha kuitukana. Printa ni nzima. Njia kati yake na kompyuta ndiyo imekatika.

Njia hiyo kwetu ina vituko vyake. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaanza upya na kugawa namba kwa yeyote anayewahi. Jana printa ilikuwa 192.168.1.5. Leo ile 5 imepewa simu ya shemeji aliyekuja kusalimia, printa ikapewa 9. Kompyuta, kwa utiifu wake wote, inaendelea kupeleka maswali ya P6 kwa 5. Shemeji hajibu.

Tiba ni kuifungia printa namba yake. Chapisha ukurasa wa mtandao kutoka kwenye menyu ya printa, utakuta hapo namba ya IP, ile inayogawiwa na ruta, na ile ndefu yenye nukta pacha, ya MAC, kitambulisho cha printa yenyewe. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa namba, hiyo MAC uiwekee IP yake ya kudumu. Kisha kwenye kompyuta fungua sifa za printa, sehemu ya Ports. Ukiona inatumia bandari (port) ya WSD, ile ambayo Windows huitafuta printa yenyewe, hapo ndipo mchawi wako anapolala mara nyingi. Ongeza bandari ya Standard TCP/IP na uipe ile namba. Ikiwa printa inachapa vizuri lakini kompyuta inang'ang'ania Offline, ingia kwenye mipangilio ya bandari hiyo uondoe tiki ya "SNMP Status Enabled".

Na wewe unayetumia hotspoti ya simu, nikuulize kwa heshima: simu iko wapi? Maana mama akienda sokoni na simu yake, mtandao umeenda kununua nyanya. Hata ikiwa nyumbani, simu nyingi za Android hujizimia hotspoti baada ya dakika kadhaa zikiona hakuna aliyeungana nazo. Printa imelala, ikatoka mtandaoni, simu ikaona hakuna mtu, ikafunga duka. Zima ule mpangilio wa kujifunga, na uiweke hotspoti kwenye masafa ya 2.4 GHz, kwa sababu printa nyingi za nyumbani hazijui 5.

Wa kebo ya USB wasicheke. Kompyuta nayo huzima tundu la USB ili kuokoa betri. Device Manager, USB Root Hub, Power Management, toa tiki ya kwanza. Kebo iwe ya mita 2 hivi, isipitie kwenye kigawanyio.

Menyu ya printa ina mambo mawili yanayofanana kama mapacha: muda wa kulala, na muda wa kujizima. Kulala weka dakika 30 au 60. Kujizima kukatae kabisa, maana iliyojizima haisikii mtandao hata ukiuimbia, inataka kidole.

Ikishindikana yote, izime, chomoa plagi ukutani, kandamiza kitufe sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha subiri sekunde 60, za saa, maana za mwenye hasira hazifiki 10. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Leza usiichomeke kwenye UPS ndogo, ile betri ya akiba, wala inveta ndogo ya sola. Roli ikianza kupata moto huvuta umeme mwingi kwa mpigo, UPS inalia, nyumba nzima inadhani mwizi kaingia.

Itaamka. Itakoroma, itajinyoosha, itavuta karatasi taratibu kama mtu anayevuta blanketi, kisha itatoa ukurasa wa majaribio ambao hakuna aliyeuomba, wenye rangi zote.