Wiki saba za "tutakujulisha"

Raundi ya nne ya usaili wa kazi ilifanyika kwa video. Msaili alikuwa amezima kamera, na kila nilipojibu swali nilisikia vidole vyake vikigonga kibodi haraka haraka. Nikadhani ananukuu ninayosema. Nikanyamaza kwa makusudi, na ile kibodi haikunyamaza. Zilipita kama sekunde kumi. "Endelea, nakusikiliza," akasema. Halafu akanitaka nijieleze kwa ufupi mimi ni nani, swali nililokwisha kulijibu mara mbili mbele ya watu wawili wa kampuni hiyohiyo.

Kabla yake nilikuwa nimepigiwa simu na mtu wa rasilimali watu, nikakutana na mkuu wa kitengo, kisha nikapewa kazi ya kufanyia nyumbani: kuchambua gharama za ghala na kupendekeza pa kupunguza. Waliniambia ni ya saa mbili. Ilikula Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili. Raundi ya tano ilikuwa jopo la watu watano, tukaagana kwa "tutakujulisha ndani ya wiki moja". Zikapita saba. Nilituma barua pepe mbili za kuulizia, zote zikaenda na maji. Jibu lilipokuja, saa tano usiku, lilikuwa limetumwa na mashine: nashukuriwa kwa nia yangu ya kufanya kazi nao. Jina langu lilikuwa limekosewa.

Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba waajiri hawana utu. Miaka miwili baadaye, kwa mwajiri mwingine, nikawekwa upande wa pili wa meza, na usimulizi wangu ukapoa kidogo.

Nilichokikuta huko kwanza ni hofu. Mtu mmoja asiyeiweza kazi anaweza kula miezi ya timu nzima: kufundishwa, kuonywa, kurekebishiwa makosa, kuondolewa kwa taratibu za sheria, kisha nafasi itangazwe upya. Aliyempitisha ataulizwa. Aliyemkataa mtu mzuri haulizwi kitu, maana hakuna atakayejua. Ndiyo maana raundi huzaliana. Kila mwenye cheo anataka naye amwone mwombaji, hata kama hana la kumuuliza, ili lawama ikija igawanyike.

Na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu kumjua mtu kwa kuzungumza naye saa moja ni kazi ngumu. Mwaka 1998 watafiti wa saikolojia Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye mpangilio, yaani waombaji wote kuulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilivyowekwa kabla, ulibashiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo yanayokwenda popote yanapopelekwa. Mtafiti mwingine, Paul Sackett, na wenzake walipozipitia upya hesabu hizo mwaka 2022, namba nyingi zilishuka, lakini usaili wa namna hiyo ukabaki juu kabisa. Kumpa mtu sampuli ya kazi yenyewe nako hakukuwa mbali. Kwa hiyo ile kazi ya ghala haikuwa wazo baya hata kidogo. Huenda ndiyo sehemu pekee ya mchujo ule iliyopima kitu. Kinachoniuma ni kwamba katika jopo la watu watano hakuna aliyeigusia. Sikuona dalili yoyote kwamba ilisomwa.

Kuhusu idadi ya wasaili, manahodha wengi chombo huenda mrama. Google walichunguza usaili wao wenyewe wakakuta kwamba wasaili wanne wanatosha kufikia uhakika wa asilimia 86 kuhusu kumwajiri mtu au kutomwajiri, na kila anayeongezwa baada ya hapo anachangia kama asilimia moja tu. Mimi nilionwa na wanane.

Wanane hao walikuwa kazini, saa zao zinalipwa. Mimi nilimwambia bosi wangu wa wakati ule mara tatu kwamba naenda kwa daktari wa meno. (Meno yangu ni mazima mpaka leo.) Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mwombaji makini havunjwi moyo na mchujo mrefu. Anayeurefusha halipii chochote, basi hana sababu ya kujiuliza kama raundi nyingine inahitajika. Kazi ya nyumbani inayozidi saa mbili ikilipwa hata kidogo, nina hakika zingebaki chache, na hizo chache zingesomwa.

Kimya ni jambo gumu zaidi kulipima, na nilidhani nalielewa mpaka nilipoliona jedwali letu. Lilikuwa na rangi tatu: kijani, nyekundu, na njano iliyoandikwa "wasubiri". Wa kijani alikuwa ameshapewa barua ya ajira na bado anavutana nasi kuhusu mshahara. Wa njano walikuwa wawili, wazuri tu. Mmoja wao akaandika kuulizia. Mwenzetu wa rasilimali watu akatugeuzia kompyuta tusome, akauliza, "Nimwambie nini huyu?" Tukatazamana. Tukimwambia hapana, tumempoteza; tukimwambia ndiyo, tumemdanganya. Mada ikabadilishwa. Nami nilikuwa mezani pale, na sikusema neno.

Kwa hiyo kimya si dharau kila mara. Mara nyingi maana yake ni kwamba wewe ni akiba. Upo na woga wa kisheria: sababu ya kukataliwa ikiandikwa vibaya inaweza kurudi mahakamani, na hilo nalikubali. Ila sababu ni kitu kimoja na jibu ni kingine. Ontario, Canada, wamezitenganisha vizuri. Tangu tarehe 1 Januari 2026, mwajiri mwenye watu 25 au zaidi aliyetangaza nafasi hadharani lazima amjulishe kila aliyemsaili, ndani ya siku 45 tangu usaili wa mwisho, kama uamuzi umefanyika. Sababu haidaiwi. Wiki zangu saba zilikuwa siku 49.

Wengine hujitetea kwa wingi wa waombaji. Kwa mamia waliotuma barua tu, sawa, utetezi huo unasimama. Kwa watano walioketi mbele ya jopo lako hausimami. Barua tano ni kazi ya dakika ishirini.

Mwombaji naye ana yake. Wapo wanaosaini mkataba kisha siku ya kuripoti simu haipatikani, na kampuni iliyotendwa hivyo mara mbili itajifunza kuweka akiba ya watu. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza raundi ni ngapi. Niliogopa kuonekana msumbufu, na woga wangu ukawa sehemu ya starehe yao. Lakini kama wangeniambia, "Wewe ni wa pili, tunamsubiri wa kwanza mpaka Ijumaa," ningesubiri, na bila kinyongo.

Wetu wa kijani mwishowe aliukataa mshahara. Tukampigia yule wa njano aliyekuwa ameulizia. Alipokea kwa sauti ya chini, akasema yuko kazini, anatimiza siku ya tisa, na akatushukuru kwa kumkumbuka. Wa pili naye hakupatikana. Tukatangaza upya.