Rabi Hachagui Somo

Wachungaji ninaofahamiana nao huniuliza swali moja kila tukikutana: "Rabi, Sabato hii utahubiri juu ya nini?" Nawajibu kwamba hilo si langu kuamua. Somo lilishapangwa kabla sijazaliwa. Nitajie tarehe yoyote ya mwaka ujao, nami nitakuambia siku hiyo tutasoma nini. Wengi wao huniona nimefungwa mikono. Wao huomba, hutafakari, kisha hupata neno linalowafaa waumini wao wiki ile, na mimi ninakabidhiwa fungu nililopangiwa, liwe tamu au chungu. Mimi naona tofauti kabisa. Kunyimwa uchaguzi ni heri kubwa ambayo kalenda yetu imetuachia, na nasema hivyo nikijua vizuri mahali inapouma.

Kwa asiyeujua utaratibu wetu: Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, imegawanywa mafungu 54, na kila fungu huitwa parasha. Tunayamaliza yote ndani ya mwaka, neno kwa neno, kutoka kwenye gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono. Gombo hilo halina irabu wala alama za kuimbia, kwa hiyo msomaji hujifunza nyumbani mapema, na akiteleza kwenye neno hata maana ikabadilika, watu humsahihisha palepale kwa sauti naye hurudia. Haruki kitu. Zamani, katika nchi ya Israeli, waliichukua Torati kwa miaka mitatu, ilhali Wayahudi wa Babeli waliimaliza kwa mmoja. Msafiri Benjamin wa Tudela alipofika Misri katika karne ya 12 alikuta desturi zote mbili zikiendelea katika mji uleule, sinagogi moja hivi na jingine vile. Ile ya Babeli ndiyo iliyoenea.

Hatusubiri Sabato peke yake. Jumatatu na Alhamisi asubuhi tunasoma kipande cha mwanzo cha fungu lijalo. Siku hizo zilikuwa za gulio na za mahakama, wanavijiji walipoingia mjini, lakini Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya wahenga wetu, inaleta na sababu nyingine ninayoipenda zaidi: Waisraeli walikwenda jangwani siku tatu bila kupata maji, na maji ni Torati, basi zisipite siku tatu mtu hajaisikia.

Kalenda ndiyo inayoendesha yote haya. Msomaji wa pwani ataielewa upesi, kwa kuwa nasi mwezi wetu huandama. Zamani mashahidi walifika mbele ya baraza la wazee kueleza walivyouona mwezi mwandamo, wakahojiwa, ndipo mwezi mpya ukatangazwa. Baadaye hesabu ilichukua nafasi ya macho. Mapokeo yetu yanampa sifa hiyo Hillel wa Pili, katika karne ya 4. Miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu wanauacha upungufu huo uende, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Sisi hatuwezi, kwa sababu Torati inaamuru Pasaka, sikukuu yetu ya kukumbuka kutoka Misri, iwe katika mwezi wa kuchipua masuke. Kwa hiyo katika kila miaka 19, miaka 7 huongezewa mwezi mzima wa 13. Mwaka mrefu unayaachanisha mafungu ambayo mwaka mfupi huyaunganisha. Hesabu hii ni kazi ya vichwa vya watu wengi kwa karne nyingi, na faida yake ni kwamba hakuna rabi, tajiri wala mtawala anayeweza kuisogeza ili wiki yake iwe nyepesi.

Na zipo wiki nzito. Chukua Tazria na Metzora, katikati ya Mambo ya Walawi. Madoa ya ngozi, majipu, nywele zilizogeuka rangi, ukungu kwenye nguo, ukungu kwenye kuta. Mhubiri mwenye hiari ya kuchagua hapagusi hapo maisha yake yote, na simlaumu. Kijana anayefikisha miaka 13 na kusoma gombo mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika wiki hiyo hulia kabisa kuona wenzake wamepata bahari kupasuka naye amepata upele. Mimi nalazimika kupapitia kila mwaka, na kwa kulazimika nimepapenda.

Tazama sheria ya nyumba iliyoota doa ukutani. Mwenye nyumba haruhusiwi kusema "nimepatwa na pigo". Anakwenda kwa kuhani na kusema ameona kitu mfano wa pigo. Kuhani, kabla hajaingia, anaamuru vyombo vyote vitolewe nje. Kwa nini? Kwa sababu akishatamka kwamba nyumba ni najisi, kila kilichomo ndani kinakuwa najisi pamoja nayo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za wahenga wetu, inauliza: ni mali gani hasa Torati inaihurumia hapa? Chombo cha mbao au cha shaba kinaoshwa kikatumika tena. Kinachopotea ni cha udongo, kwa kuwa hicho hakitakasiki, ni cha kuvunjwa tu. Basi sheria nzima inasimama mlangoni kusubiri, ili mtu aokoe mtungi wake na chungu chake. Na ikiwa inajali hivyo vyombo vya bei ndogo, wanauliza wahenga, itakuwaje kwa roho ya mtu? Katika fungu hilohilo, mgonjwa aliyetengwa nje ya kambi haambiwi ajikokote kuja hekaluni apimwe. Kuhani ndiye anayetoka kumwendea. Tulipokuwa na janga la Korona nilikumbuka sana agizo hilo, na ninajua kwamba nisingelijua kama ningekuwa nachagua masomo yangu mwenyewe.

Kuna pia mafungu ya laana, moja mwishoni mwa Mambo ya Walawi na jingine katika Kumbukumbu la Torati 28. Njaa, kuzingirwa, uhamisho, wazazi wanaokula watoto wao. Desturi ni msomaji kushusha sauti na kwenda haraka. Lakini anasoma. Talmudi inasema Ezra ndiye aliyeweka kwamba laana za kwanza zisomwe kabla ya Sikukuu ya Majuma na za pili kabla ya Mwaka Mpya, ili mwaka uishe pamoja na laana zake. Waliokuja baadaye wakaongeza uangalifu mmoja: laana zisigusane na sikukuu, liwepo fungu jingine katikati. Ndiyo sababu, kabla ya Mwaka Mpya, huwa tunasoma Nitzavim, ambamo Musa anaambia taifa zima, kuanzia wakuu hadi mpasua kuni na mteka maji, kwamba wote wamesimama. Wametishwa na laana, na bado wamesimama. Aliyepanga hivyo alijua namna ya kumshika mtu mkono.

Uangalifu huohuo uko katika kiangazi cha Israeli, tunapoomboleza Hekalu lililobomolewa. Sabato tatu kabla ya siku ya Tisha BeAv husomwa manabii wa kukaripia. Baada yake huja Sabato saba za faraja, zote kutoka kwa Isaya, zikianza na "Wafarijini watu wangu." Karipio tatu, faraja saba. Nimewazika watu wa sinagogi langu na kukaa na wafiwa, na ninaamini uwiano huo ni sahihi.

Kalenda hii ni ya nchi moja, na sisi tulio Afrika Mashariki tunalisikia hilo mwilini. Maombi ya mvua hukoma Pasaka, maana huko Israeli ndipo kiangazi kinapoanza. Kwetu ni Machi au Aprili, ndiyo kwanza masika inafunguka na mkulima anaangalia mawingu. Jambo hili si geni. Watu wa Ninawi walimpelekea swali Rabi Yehuda, aliyeikusanya Mishna: sisi tunahitaji mvua hata wakati wa kiangazi, tufanye nini? Akawajibu kwamba wao ni kama mtu binafsi mwenye shida yake, waombe mvua katika baraka ya jumla, ile ya Mungu anayesikia maombi. Mwanzoni jibu hilo lilinisumbua, nikaona linatuweka pembeni. Siku hizi naliona la haki. Ratiba ya wote inabaki moja, na shida ya mahali inapata mlango wake.

Mara nyingine kalenda hukutana na historia bila mtu kupanga. Kampala ilipotekwa na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliotoka uhamishoni, Aprili 11, 1979, jua lilipozama ulikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka. Idi Amin alikuwa amepiga marufuku ibada ya Abayudaya, Wayahudi wa upande wa Mbale ambao jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Watanzania wengi wanaoikumbuka vita hiyo hawajui kwamba kwa watu hao askari wao walifika Kampala siku ya kutoka Misri.

Sasa nije kwenye somo linalonitisha kuliko yote. Sabato inayotangulia Purimu, sikukuu ya kukumbuka wokovu wa Wayahudi katika kitabu cha Esta, tunatoa gombo la pili na kusoma aya tatu tu, Kumbukumbu la Torati 25:17 hadi 19, juu ya Amaleki, taifa lililowashambulia Waisraeli walipotoka Misri. Kumbuka alivyokutenda Amaleki njiani, alivyowapiga waliochoka waliobaki nyuma, ufute kumbukumbu lake chini ya mbingu, usisahau. Kisha tunasoma kwa nabii Samweli jinsi Sauli alivyoamriwa asibakize mtu, hata anyonyaye.

Februari 25, 1994 ilikuwa Purimu, tena Ijumaa ya mwezi wa Ramadhani. Alfajiri hiyo Baruch Goldstein, daktari Myahudi, aliingia na bunduki katika Msikiti wa Ibrahimu mjini Hebroni akawaua Waislamu 29 waliokuwa kwenye sala. Sabato iliyotangulia, masinagogi duniani kote yalikuwa yamesoma aya hizo tatu. Wapo waliomfanya shujaa, na mpaka leo wapo wanaomtazama jirani yao na kumwita Amaleki. Rabi anayesema hayo hayatuhusu anakimbia kazi yake.

Wahenga walikuwa wamelifunga pengo hili zamani. Walifundisha kwamba Senakeribu mfalme wa Ashuru aliyachanganya mataifa, na kwa msingi huo walimu wengi waliofuata wakasema hakuna leo awezaye kumnyooshea mtu kidole akamwita Amaleki. Lakini nataka kuonyesha na lango jingine, lile la mpangilio wenyewe. Aya hizo tatu ni mwisho wa fungu la Ki Tetze, ambalo tunalisoma zima kuelekea mwisho wa mwaka wetu, Agosti au Septemba. Ili uifikie Amaleki kwa utaratibu, ni lazima kwanza upite kwa ng'ombe aliyepotea ambaye huruhusiwi kujifanya hukumwona. Upite kwenye kiota cha ndege, ambapo humchukui mama pamoja na makinda. Upite kwa mtumwa aliyetoroka, usimrudishe kwa bwana wake. Kwa kibarua maskini, mlipe kabla jua halijachwa. Kwa mganda uliosahau shambani, ambao sasa ni wa mgeni, yatima na mjane. Yamo pia mambo makali humo, na sitasema hayamo. Na hatua ya mwisho kabisa kabla ya Amaleki ni mfuko wako mwenyewe: usiwe na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Rashi, mfafanuzi wetu mkuu wa Torati wa karne ya 11, anaziunganisha hizo mbili waziwazi: ukidanganya katika mizani, uogope kuchokozwa na adui. Torati imeniuliza habari za mizani yangu kwanza, ndipo ikanitajia adui.

Na msikiti ule uko juu ya pango la Makpela, ambalo Ibrahimu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha. Mwisho wa fungu la Hayei Sara, tunalosoma kila mwaka karibu na Novemba, imeandikwa kwamba Isaka na Ishmaeli, wanawe, walimzika humo. Wote wawili kwa pamoja. Anayesoma kwa mpangilio hawezi kuikwepa aya hiyo.

Ndiyo maana Sabato ile ya Amaleki ni ngumu kwangu: hapo kalenda yenyewe imezikata aya tatu kutoka mahali pake na kuzisimamisha peke yake. Sheria sitaigusa, walimu wengi wanahesabu kuzisikia kuwa ni amri ya Torati. Ila darasani, kabla ya ibada, naanza na mawe ya mizani ndipo niteremke hadi Amaleki. Kijana anayejiandaa kusoma simpi aya hizo kabla hajajua kusoma kiota cha ndege, na namuuliza maana yake mpaka anijibu. Naomba marabi wenzangu wafanye vivyo hivyo, na wakati wa vita wafanye kwa sauti kubwa zaidi, mimbarani, mbele ya watu wote.