Nilisema Ni Maoni Tu

Ile video ya sekunde 14 mnayotumiana tangu jana jioni haina mwanzo. Jirani (namwita Jirani kwa sababu meza zetu zinapakana ofisini, na kwa sababu jina lake halisi likinitoka leo litatoka na laana) alianza kurekodi mambo yakiwa yameshaharibika. Sasa anawaambia watu kwamba yale yaliyoonekana ukutani dukani kwa mteja niliyafungua mwenyewe, eti nilitaka kiki. Uongo. Mimi nilibonyeza Ctrl+H. Ngojeni niwaeleze.

Na wewe uliyeniuliza kwenye inboksi kama nyongeza ya mshahara imetoka: bado. Kaa na adabu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto. Tuna maktaba ndogo ya njia za mkato za kibodi, tumeiandika wenyewe kwa JavaScript (lugha ya kuandikia programu), na inakaa ndani ya mfumo wa mauzo wa maduka ya jumla. Mtu wa Westlands ataniuliza njia za mkato za nini, si kuna kipanya. Ndugu yangu, shuka Kamukunji uone kipanya kilichokaa miezi mitatu kwenye kaunta ya saruji. Vumbi limekijaa tumboni, ukikisukuma kinalia kama kinu. Keshia pale anafanya kila kitu kwa vidole: F9 ni uuzaji mpya, Ctrl+S ni kuhifadhi oda, Ctrl+H ni hesabu ya siku. H ya hesabu. Tulijiona werevu sana siku tulipoichagua.

Sasa bosi alikuwa amesema maelezo ya ile maktaba yanafanana na belo la mitumba lililofunguliwa na watu kumi kwa pamoja. Si uongo. Kila kipande cha msimbo (maagizo ya kompyuta) kina maoni yake juu, yanayoanza na /** na kuishia na */, na kompyuta huyaruka. Ni ya binadamu kusoma, na programu iitwayo JSDoc hukusanya humo kurasa za mwongozo. (Hapa nasema msimbo. Mama yangu alisikia naandika "kodi" akawatangazia watu wa kanisani kwamba mwanawe yuko KRA, kwa watoza ushuru, na sijawahi kupata nguvu ya kumrekebisha.) Huyu ameandika "Ctrl + S", yule "ctrl-s", mwingine "CONTROL na S pamoja". Kuna mmoja alianzia na nyota tatu, /***, akidhani anapamba, kumbe nyota zikizidi mbili JSDoc inayapita maoni hayo kama matatu iliyojaa inavyopita stejini. Maelezo yake hayakuwahi kutokea kwenye mwongozo hata siku moja. Aliyeandika ni mimi. Tuendelee.

Nilikaa nayo juzi usiku, chumbani, chai pembeni, raha tupu. Nikapanga kila @param (alama ya kueleza kitu ambacho msimbo unapokea) chini ya mwenzake, nikaweka mfano chini ya kila @example. Saa tano na dakika arobaini usiku nikabaki na kitu kimoja kilichokuwa kikinikera: zile nafasi katikati ya alama. "Ctrl + S" inakula nafasi, "Ctrl+S" imenyooka. Nikafanya tafuta-na-badilisha mara moja, ondoa nafasi kandokando ya kila + na kila mkwaju (/) ndani ya maoni, faili zote 38. Sikufungua hata moja kuangalia. Nikasukuma kazi juu na ujumbe huu, ambao Jirani ameshauchapisha na kuubandika kwenye friji ya ofisi:

"Nimenyoosha maoni tu [skip ci]"

Kwa wasiojua, yale maneno ya kwenye mabano huiambia mitambo isifanye majaribio. Yangechukua dakika 11. Nani anapoteza dakika 11 kupima maoni? Maoni tu! Nikalala.

Jana saa tano asubuhi tuko dukani kwa mteja tunayemwita Mama. Duka la mabati, misumari na saruji, Kamukunji, mita chache kutoka kwa wale wa jua kali, kwa hiyo nyundo zinagonga mfululizo na ukitaka kusikika lazima upige kelele. Mama ana maduka matatu na alitaka kuona mfumo kabla ya kulipa chochote. Bosi amevaa tai. Mimi nimebeba projekta, Jirani amebeba waya wa umeme na simu yake, hiyo simu. Tukaangaza picha kwenye ukuta mweupe juu ya mifuko ya saruji. Ukutani kuna kalenda, nayo haikutolewa, kwa hiyo kila kitu kilipita juu ya mwezi mzima.

Nikaamua kuwa mjanja. Laptopu yangu nikaiacha kule kando ya projekta, nikachomeka kibodi kubwa ya keshia yenye waya wa mita tatu, nikaja nayo hadi mbele ya watu. Halafu nikachukua kipanya, nikakiinua juu wote wakione, nikampa dada wa kaunta.

"Mama, hiki kitupe. Hapa hakihitajiki tena."

Watu wakacheka vizuri. Fundi wawili waliokuja kununua misumari ya inchi 4 wakaahirisha kununua, wakaegemea mabati watazame. Nakumbuka nikiwaza kwamba nimezaliwa kwa kazi hii.

Nikabonyeza F9.

Kimya.

"Inafikiria kidogo," nikasema. Nikabonyeza tena. Ukurasa upo, rangi zipo, jina la duka lipo juu, lakini uuzaji mpya haufunguki. Bosi akanitazama kwa lile jicho moja. Nikasema si kitu, tuanzie kwenye utamu wenyewe, Mama, sasa utaona pesa zako zote za leo, kila kitu kilichofanyika, wazi kabisa, bila kuficha. Hayo ndiyo maneno yangu. Kwenye video hayamo, lakini fundi wote wawili ni mashahidi.

Ctrl+H.

Jamani, naomba twende polepole hapa kwa sababu mimi nimeyaona haya tangu jana kila nikifumba macho. Maktaba yetu ikiwa hai, hukidaka kitufe kabla ya kivinjari. Maktaba ikiwa imekufa, kitufe kinapita moja kwa moja hadi kwa Chrome. Na kwa Chrome, Ctrl+H si hesabu. Ni historia.

Kichupo (tab) kipya kikafunguka. Cheupe. Projekta yetu ni ya zamani, huchelewa kidogo, kwa hiyo nilipata kama sekunde moja ya kuwa mtu mwenye heshima zake. Halafu mistari ikaja, ya karibuni kabisa ikiwa juu, kila mmoja na saa yake pembeni. Na simu na laptopu zangu zinatumia akaunti moja, kwa hiyo hata niliyoyatafuta kitandani yalikuja, hayakuachwa nyuma.

10:31 AM. *mteja akikataa kulipa unaweza kumfanya nini*

8:47 AM. *kurudi kulala baada ya alamu kuna madhara*

8:44 AM. *ujumbe mzuri wa kumwambia bosi kuna jam pangani*

Mama akakunja uso, akajipapasa kifuani. "Miwani nimeiacha nyumbani. We, hebu nisomee hapo imeandikwa nini."

Alikuwa anamwambia dada wa kaunta. Dada wa kaunta, kipanya changu mkononi, akameza mate, akanitazama. Nikamtikisia kichwa kwamba hapana, nakuomba, una ndugu wa kiume wewe pia. Na hapo ndipo mkono wangu ulipofanya uamuzi bila kunishauri. Nilitaka kupunguza maandishi yawe madogo yasisomeke, Ctrl na alama ya kutoa. Kwenye zile namba za kulia, alama ya kutoa iko juu tu ya alama ya kujumlisha. Kidole kikateremka.

Yakawa makubwa. Nikadhani sijabonyeza vizuri, nikabonyeza tena. Makubwa zaidi. Chrome hupanda kwa ngazi: 110, 125, 150, 175, 200. Nilizipanda zote tano kama mtu anayekimbia moto kwa kupanda ghorofa.

"Ahaa," Mama akasema. "Sasa naona."

Akaanza kusoma mwenyewe. Kwa sauti. Na sijui wale wa jua kali walipatana vipi, lakini wakati huo huo nyundo zote zikanyamaza, Kamukunji nzima, mnasikia? Mama anasoma kama anayesoma somo la kwanza Jumapili, neno kwa neno, kidole hewani.

"Jinsi… ya kuomba… nyongeza… bosi akiwa… bahili."

Tarehe 17 ya kalenda ilikuwa katikati kabisa ya neno "bahili". Bosi akalegeza tai.

"Nywele… kurudi nyuma… ukiwa na miaka… ishirini na saba… dawa."

Fundi mmoja akavua kofia yangu. Naapa. Alinyoosha mkono taratibu tu, akaivua, akaangalia, akairudisha. "Pole, bro," akasema. Video inaanzia hapo.

Sasa sehemu inayoniuma kuliko zote. Kufunga kile kichupo ni Ctrl+W. Basi! Tena Ctrl+W ni mojawapo ya vitufe ambavyo Chrome haiuachii ukurasa wowote uvidake, pamoja na Ctrl+T na Ctrl+N, kwa hiyo kingefanya kazi maktaba ikiwa hai au maiti. Najua hivyo kwa sababu usiku uliotangulia niliyaandika mimi, kwenye maoni, kwa kiburi: "Usitumie Ctrl+W, kivinjari hakiachi." Mstari mzuri. Umenyooka. Haukunijia kichwani hata kidogo. Nilibonyeza Escape. Nikabonyeza Enter. Nikabonyeza F5, historia ikajipakia upya, safi, na bado kubwa vilevile. Kilichonijia mwishowe ni kwenda mbio hadi kwenye laptopu, nikasahau kwamba nimeshika kibodi yenye waya, waya ukakaza, projekta ikageuka, na historia yangu ikahamia kwenye shati jeupe la bosi.

Hapo ndipo Jirani alipocheka ile sauti mnayoisikia.

Yaliyofuata hayana maana. Nilifunga laptopu, nikaomba radhi, nikaketi kwenye mfuko wa saruji, nikatafuta kosa huku mikono inatetemeka. Lilikuwa faili la 23. Kuna njia ya mkato ya kuzidisha bei, inayokubali njia mbili, na maoni yake yalikuwa yameandikwa "Ctrl + * / Ctrl + Shift + 8". Ondoa nafasi zake, kama nilivyoziondoa mimi kwa furaha yangu, unabaki na hii:

Ctrl+*/Ctrl+Shift+8

Mmeiona? Nyota na mkwaju vimegusana. Kwa JavaScript hapo maoni yamekwisha; haijali kwamba ulikuwa katikati ya sentensi, ikiona */ inafunga mlango, na kila neno linalofuata inalichukua kama msimbo. Ikakuta "Ctrl+Shift+8 huzidisha bei ya bidhaa", ikashindwa kuelewa, ikakataa faili zima, maktaba yote ikalala chali. Jirani anasema nyota alipiga mkwaju na mimi ndiye niliyekuwa golikipa. Anairudia kila baada ya nusu saa.

Nikarudisha nafasi moja. Ikafanya kazi. Tukaonyesha upya, F9, Ctrl+S, hesabu, yote. Mama akasema atafikiria, akanipa soda, akaniita kando: "Mwanangu, mimi hulipa. Usiwe unawauliza watu usiowajua." Dada wa kaunta akanirudishia kipanya bila kunitazama usoni. Kwenye gari bosi hakusema neno hadi Pangani. Pangani hakukuwa na jam. Akasema, "Leo iko wazi eh." Basi.

Ule mstari mnaouliza ninyi, kwamba Jirani anadai kulikuwa na "jinsi ya kulia ofisini bila kusikika", haukuwepo. Huo ulikuwa wa wiki iliyopita. Mngelazimika kushuka chini sana.

Leo asubuhi nimefika nikakuta kitufe cha H kimeng'olewa kwenye kibodi yangu. Pale kilipokuwa kuna karatasi ndogo: "Kwa usalama wako." Yote mliyosoma hapa nimeyaandika kwa kunakili h moja na kuibandika kila inapohitajika, Ctrl+V, Ctrl+V, na kama si Larry Tesler na wenzake wa Xerox PARC kutuletea mambo ya kunakili na kubandika miaka ile ya 1970 mngebaki na toleo la Jirani peke yake. Lakini mkono umecoka sasa, siwezi tena.

Jirani, najua unasoma api. Rudisa kitufe cangu. Nitakununulia cai na capati mbili, sina asira. Ni kazi tu: bosi anataka keso nipitie upya maoni ya faili zote 38, moja moja, kwa maco, na kila faili lina neno esabu.