Lisemwalo lipo? Visasili vya kale na sayari zinazodaiwa kukaribia kugongana

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukiweka kando majina ya Kigiriki na hesabu za falaki, hoja ya wanaosoma maafa ya sayari ndani ya hadithi za kale imesimama juu ya methali hii. Watu wa mabara yaliyokuwa hayajuani wanasimulia gharika, moto ulioshuka kutoka juu, jua lililogoma kuchwa, joka lililopigana na mungu angani. Haiwezekani wote wawe wamezua, wanasema. Lazima kuna kitu kilionekana.

Wazo lenyewe ni kongwe. Plato, katika karne ya 4 KK, anamleta kuhani wa Misri akimweleza Solon kwamba kisa cha Faetoni, kijana aliyeshindwa kuliongoza gari la jua akaiunguza dunia, kina sura ya ngano, lakini undani wake ni magimba ya angani kupotoka njia yake. Mwaka 1696 Mwingereza William Whiston akaieleza gharika ya Nuhu kwa mkia wa kometi, yaani nyota yenye mkia. Aliyelipa wazo hili umaarufu mkubwa ni Immanuel Velikovsky, daktari wa nafsi mzaliwa wa Vitebsk, kwa kitabu alichokitoa Marekani mwaka 1950. Alidai kwamba sayari ya Zuhura (Venus) ilichomoka kutoka sayari ya Mshtarii (Jupiter) ikiwa kometi, ikaikaribia Dunia mnamo mwaka 1500 KK na kusababisha mapigo ya Misri na bahari kugawanyika, kisha Mirihi (Mars) nayo ikaja kutusumbua katika karne ya 8 na ya 7 KK. Mashahidi wake wakuu walikuwa maandiko: Biblia, Veda za Wahindu, mapokeo ya Wamaya, Wagiriki, Wachina.

Wengi hucheka kabla ya kusikiliza. Mimi ningesita kidogo, kwa sababu wasomi wamewahi kuumbuliwa na wanavijiji kwenye jambo hili hili. Hadi mwisho wa karne ya 18 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba mawe hayaanguki kutoka angani, na kwamba wanaosema hivyo ni wakulima wenye ushirikina. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe kwa maelfu yaliangukia karibu na mji wa L'Aigle, Ufaransa. Mwanafizikia Jean-Baptiste Biot akatumwa kuchunguza. Alitembea kijiji hadi kijiji akiuliza nani aliona nini, akalinganisha maneno yao na mawe yaliyotapakaa chini, akarudi Paris akiwa ameshawishika. Wakulima walikuwa wamesema kweli.

Kumbukumbu ya mdomo nayo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Kwenye kisiwa cha Simeulue, pembeni mwa Sumatra, wimbi la tsunami la mwaka 1907 liliacha neno moja, smong, na wosia uliorithishwa: ardhi ikitikisika sana na bahari ikakupwa ghafla, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 watu walipaza neno hilo wakapanda. Katika wakazi wapatao 78,000 walikufa saba.

Miaka 97 ni umri wa bibi mmoja, mtu anaweza kusema. Basi twende mbali zaidi. Waklamath, wenyeji wa asili wa Oregon, Marekani, wanasimulia vita kati ya Llao, mkuu wa kuzimu, na Skell, mkuu wa juu, vilivyoisha kwa mlima kumporomokea Llao na shimo lake kujaa maji. Wanajiolojia wanatuambia kwamba mlima Mazama ulilipuka na kudidimia miaka kama 7,700 iliyopita. Shimo lake leo ni ziwa. Na watu walikuwepo: katika pango la Fort Rock zilichimbuliwa ndara zilizosukwa kwa magome ya kichaka, zikiwa chini ya majivu ya mlipuko ule.

Ila mfano ninaoupenda zaidi uko kaskazini ya hapo, kwenye ghuba ya Pachena, kisiwa cha Vancouver, Kanada. Wazee wa Wahuu-ay-aht, wenyeji wa asili wa pale, walihifadhi simulizi kwamba ardhi ilitikisika usiku, maji yakaja, na kijiji cha chini kikafutika chote. Waliopona ni waliokaa juu. Majirani zao kwenye pwani hiyo wanaye Ndege wa Radi, aliyemnyanyua nyangumi na kumbwaga. Kwa muda mrefu hizo zilikuwa hadithi za kukusanywa na wanaanthropolojia tu. Miaka ya 1980 wanajiolojia wakakuta kwenye matope ya pwani hiyo miti iliyokufa ikiwa imesimama wima, ardhi yake imeshuka ghafla, na juu ya udongo wa zamani kumelala tabaka la mchanga uliosombwa na bahari. Upande wa pili wa bahari, Japani, kulikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa za wimbi lililofika Januari 1700 bila tetemeko lolote kusikika. Mwanasayansi wa matetemeko Kenji Satake na wenzake wakapiga hesabu ya kurudi nyuma, ya muda ambao wimbi huchukua kuvuka Pasifiki. Mwaka 1996 wakatoa jibu: tetemeko lilitokea tarehe 26 Januari 1700, saa tatu hivi za usiku.

Usiku. Wazee walikuwa wameshasema.

Sasa tuangalie hadithi ile ilikuwa na nini na ilikosa nini. Ilikuwa na mahali, wakati wa siku, na mfuatano: mtikisiko kwanza, maji baadaye. Mwaka haikuwa nao. Na chanzo kilichotajwa kwenye pwani ile ni ndege na nyangumi. Kwa ufupi, kisasili kilishika kile mtu alichokiona kwa macho yake, kikabuni kile kilichokuwa nje ya upeo wake. Hapo ndipo ninapoachana na Velikovsky, kwa sababu yeye anafanya kinyume. Anachukua sehemu ya chanzo, ile dhaifu kuliko zote, na kuisoma kama ripoti: joka ni Zuhura, vita vya miungu ni sayari kukaribiana, mungu wa kike Athena kuzaliwa kutoka kichwani mwa Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, ni Zuhura kutoka Mshtarii. Ni kumwondoa ndege na kumweka mnyama mwingine mkubwa zaidi. Tena, Wagiriki wenyewe sayari ile waliihusisha na mungu mwingine wa kike, Afrodite, si Athena. Ili kutoka kwenye kona hiyo Velikovsky alilazimika kumfanya Afrodite kuwa Mwezi. Ukiruhusiwa kubadilisha majina kiasi hicho, sijui ni hadithi gani itakayokushinda.

Pia kuna hadithi inayozaliwa na shimo badala ya tukio. Kandimalal, kasoko ya Wolfe Creek huko Australia Magharibi, shimo lililochimbwa na kimondo, ina upana wa karibu mita 880, na baadhi ya masimulizi ya Wadjaru, wenyeji wa asili wa pale, yanazungumzia nyota iliyoanguka pale. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2019 vinaipa kasoko hiyo miaka kama 120,000, wakati ambapo Australia haikuwa na binadamu wa kushuhudia, kwa ushahidi tulionao. Basi simulizi hilo ama ni mtu mwenye akili aliyelitazama shimo akakisia vizuri, ama ni maneno ya wanasayansi yaliyorudi kijijini baada ya kasoko kutambuliwa mwaka 1947. Vyovyote vile, si ushuhuda. Kombe za bahari juu ya milima zinaweza kuzaa gharika kwa njia hiyo hiyo.

Kuhusu Zuhura yenyewe, kuna maandishi ambayo si ngano hata kidogo. Katika Makumbusho ya Uingereza kuna bamba la udongo lililochimbuliwa Ninawi, nakala ya karne ya 7 KK ya kumbukumbu za Babeli za zama za mfalme Ammisaduqa. Mistari yake inakwenda hivi: katika mwezi wa 11, siku ya 15, Zuhura ilitoweka magharibi, ilikosekana angani siku tatu, siku ya 18 ikaonekana mashariki. Kisha unafuata utabiri wa mvua, chemchemi na wafalme kupatana. Hivyo kwa miaka 21. Siku tatu ni muda unaowezekana kabisa kwa Zuhura ya leo inapopita kati yetu na jua. Mfalme alitambuliwa kwa sababu katikati ya orodha mwandishi ametaja mwaka wa kiti cha dhahabu, ambao ni jina la mwaka wa utawala wake, na wengi wanamweka karne ya 17 KK. Kabla, yaani, ya Velikovsky kuileta Zuhura angani kwetu kama kometi.

Upande wa Velikovsky una jibu, na si la kipuuzi: bamba lina mistari ambayo hesabu zake hazikubali, kwa hiyo Zuhura ilikuwa ikiyumba. Lakini nakala ile ilipita mikono mingi kwa karibu miaka elfu, na mtu yeyote aliyewahi kunakili jedwali la tarakimu anajua nani huyumba kwanza, sayari au mwandishi.

Bado ningesikiliza kama matope yangeitikia. Hayaitikii. Chini ya ziwa Suigetsu, Japani, kila mwaka umelaza utando mweupe wa mwani na mweusi wa udongo, mwembamba kuliko kucha, mmoja juu ya mwingine kwa makumi ya maelfu ya miaka. Barafu ya Greenland nayo imehesabiwa tabaka kwa tabaka. Bahari iliyomwagika juu ya mabara mwaka 1500 KK isingeliacha ziwa lile bila kulichafua. Na pale ambapo watu fulani hawakuwa na hadithi iliyotakiwa, Velikovsky alisema wamesahau kwa pamoja kwa sababu ya kiwewe. Wakikumbuka ni ushahidi, wakisahau ni ushahidi.

Haki yake apewe. Alisema Zuhura ni ya moto wakati wengi hawakutarajia hivyo, na ni kweli, uso wake una nyuzi 465 hivi za Selsiasi. Ila alitaja sababu isiyo sahihi: joto lile latokana na hewa nzito ambayo asilimia 96 ni kaboni dioksaidi, si na uchanga wa sayari kama alivyodhani, na mafuta aliyotabiri kuwa yako huko hayapo. Na wanataaluma wa 1950 walijitia aibu. Mwanafalaki Harlow Shapley wa Harvard na wenzake walimshinikiza mchapishaji Macmillan, ambaye vitabu vyake vya kiada vilitegemea vyuo, hadi akakihamishia kitabu kwa Doubleday kikiwa kinauzika kama njugu. Kumziba mtu mdomo hakumfanyi kuwa mwongo, wala hakumfanyi kuwa mkweli, ingawa mashabiki wake hushikilia hili la pili hadi leo.

Toleo la kisasa la wazo hili lina adabu zaidi. Wanafalaki Victor Clube na Bill Napier waliziacha sayari mahali pake wakapendekeza kometi kubwa iliyosambaratika, ambayo mabaki yake, pamoja na kometi ya Encke, bado yanakatiza njia ya Dunia. Hilo kimaumbile linawezekana. Mlipuko wa gimba la angani huko Tunguska, Siberia, wa tarehe 30 Juni 1908 uliangusha msitu wa kilomita za mraba zaidi ya 2,000. Tangu 2007 kuna pia dai kwamba gimba kutoka angani ndilo lililoirudisha baridi kali miaka kama 12,900 iliyopita. Wapinzani wake ni wengi na wakali. Lakini ugomvi huo unapiganwa kwa chembe za platinamu kwenye barafu na vitone vya madini kwenye matope, na hakuna upande, ndani ya maabara, unaomwita Faetoni kutoa ushahidi.